Kerengende wa Kamilanga na Nyama Mweupe wa Barafu

Siku ya arobaini ya mume wangu Amisi, watu walipokwisha kula, masahani bado yananuka mawese, mudogo wangu Sefu alisimama. Alishika ukuta, maana macho yake siku hizi hayamusaidii. Akasema mbele ya wote kwamba yeye amemusamehe marehemu. Hakuna mutu aliyekuwa amemuuliza. Wajukuu wakaangaliana, wakitaka kujua babu yao alikosa nini. Sefu akasema, "Ile ya kikapu. Alimuua mama yetu bila kukusudia, na miaka yote niliishika rohoni. Leo nimeiacha." Watu wakaitika amina. Mimi nilikuwa mulangoni na birika ya chai mukononi, nikaitika amina pamoja nao, nikaendelea kumimina. Kikombe cha mugeni mumoja kikajaa, chai ikamwagika ku mukeka, na bado nilimimina.

Wiki ile ile nikafungua valizi ya Amisi ili nigawe nguo zake. Chini kabisa, chini ya koti lake jeupe la upishi, nilikuta karatasi moja iliyokunjwa pembe tatu, imekuwa rangi ya chai. Niliijua kabla sijaigusa. Hakuna mutu mwingine anayekunja hivyo, pembe moja inaingia ndani ya nyingine na kujifunga yenyewe. Ndani mulikuwa na mabawa mawili na unga kidogo. Juu yake, kwa penseli, neno moja, mwandiko wa mutu anayeanza kujifunza: Kamilanga. Nikakaa chini katikati ya suruali za marehemu. Mujukuu wangu akapita, akaniuliza kama nimepata pesa. Nikamuambia hapana, nenda ukacheze.

Nitaandika mwaka ule tu. Habari za ukoo, nani alikuja na msafara wa nani, nani alioa Mubangubangu na nani alioa Muzimba, ziko na wazee wengine hapa Kasongo wanaozisema vizuri kuliko mimi, kila mumoja kwa namna inayomupendeza. Mimi shule niliyoingia ni ya Kurani, na kidogo tu. Herufi za wazungu nilijifunza mwaka huo, kwa njia nitakayosema, na kama kuna makosa humu muniwie radhi, mwalimu wangu alikuwa wadudu.

Vita ya wazungu ilikuwa imekwisha. Pamba ilikuwa imeingia kila mahali, kila mwanaume na shamba lake la lazima, na asiyelima alijua mahali atakapolala. Amisi alikuwa mupishi wa muzungu mumoja mwembamba, si wa Leta, ile serikali yao, si padri, si mwenye butike ya kuuza vitu. Kwao kulikuwa na nyumba kubwa ya kuweka nyama waliokufa, wanyama na wadudu, watu wanakwenda kuwaangalia, na nyumba hiyo ilimutuma huku atafute kerengende. Ndiyo, kerengende, hao hao wenye mabawa manne wanaoruka juu ya maji. Watu walimuita Bwana Kerengende, na yeye alipenda. Nilimuuliza Amisi kama ni mugonjwa. Amisi akasema anakula vizuri, kwa hiyo si mugonjwa.

Mu sebule yake, chini, kulikuwa na ngozi. Nataka niiseme vizuri kwa sababu niliishi nayo miezi mingi. Ilikuwa ndefu kuliko mutu aliyelala, nyeupe ya kuelekea manjano, na kichwa chake kilikuwa bado juu yake, kinywa wazi, meno yote, macho ya kioo. Makucha meusi. Siku ya kwanza nilibaki mulangoni. Hatukuwa na jina lake. Leo wajukuu wananiambia ni dubu, wamemuona mu kitabu. Amisi alimuita simba wa baridi, mimi nilimuita Mweupe. Joto letu halikumupenda. Manyoya yalitoka kila siku, dudu walianza kumula kwenye tumbo, na mushono wa shingo uliachia. Bwana aliuliza kama kuna mutu mu muji mwenye mukono mwepesi, na Amisi akasema muke wake anashona kofia. Nani asiyejua kofia zetu, zile za tundu tundu ndogo, unazungusha uzi kwenye kila tundu mpaka macho yanalia. Hivyo mimi, niliyeshona kofia za masheikh, nikaingia mu nyumba ya muzungu kushona tumbo la nyama.

Upande wa kushoto, chini ya bega, kulikuwa na tundu moja ya mviringo ambayo si ya dudu. Nilimuuliza Bwana. Akasema ni yeye. Alipokuwa kijana alipanda meli mpaka mahali ambapo maji yote ni barafu, akamupiga risasi. Barafu hatukuielewa, kwa hiyo alituambia tufikirie ile mvua ya mawe, jiwe moja liwe kubwa kama muto Lualaba, watu wanatembea juu yake. Alisema hivyo bila haya, lakini aliangalia pembeni. Nikashona ile tundu kwa uzi mweupe wa kofia, mushono mudogo mudogo, hata mwenyewe akatafuta na asiione.

Mushono ule ndio uliomufanya anipe kazi ya karatasi. Kerengende akifa anawekwa mu karatasi ya pembe tatu, mabawa yamelala pamoja, na juu Bwana anaandika mahali alipotoka. Ukikunja vibaya, bawa linavunjika. Mimi sikuvunja. Nilikaa mu chumba cha nyuma kilichonuka vidonge vya kufukuza nondo, dirisha likiangalia jiko la Amisi, na mchana kutwa nilimusikia akigombana na sufuria. Alizoea kuniletea wali uliobaki chini, ule ulioganda, kwa sababu alijua naupenda kuliko ule wa juu. Hatukuwa na mutoto bado. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa na furaha, na sikujua kwamba ile ndiyo furaha.

Sasa mama. Mama alikaa Kamilanga, upande wa barabara ya Kabambare, unatoka Kasongo alfajiri na unafika jua likiwa juu ya kichwa. Kamilanga ni jina la kijito, na nyumba zilikuwa tano sita, ndani ya miti. Mama alikuwa kipofu tangu mimi ni mutoto mudogo. Lakini mugeni angeweza kukaa kwake siku mbili asijue. Alikwenda shamba la mpunga peke yake, alichota maji peke yake, alijua kila muzizi kwa vidole vya miguu. Alisema maji ya Kamilanga yana sauti tatu: kwenye mawe, chini ya muti uliolala, na pale penye mchanga, na mwenye masikio hapotei. Hata mukwe wake alimujua kwa kitu cha ajabu. Amisi, kwa heshima, hakuweza kumutazama mama mukwe usoni, aligeuza uso kwenye ukuta wakati wa kuzungumuza, naye mama alicheka sana. "Mukwe wangu," alimuambia, "mimi sikuoni, wewe unajificha nini? Ukuta umekuzoea kuliko mimi." Amisi alicheka, lakini hakugeuka.

Bwana alipotaka kwenda kutafuta upande ule, tulimupeleka kwa mama. Na pale penye mawe, kwenye kivuli, alimuona kerengende mumoja, akasimama kama mutu aliyeitwa jina lake. Tumbo jembamba la rangi ya shaba, na kwenye kila bawa doa jeusi kama tone la wino. Alisema huyu hajaandikwa mu kitabu chochote. Alikwenda mito mingine, mpaka Wamaza, mpaka Lusangi, akarudi na miguu imejaa vidonda, na huyu hakumupata popote. Iko Kamilanga tu. Mama alikuwa anapeta mpunga. Akasema huyo anamufahamu, mabawa yake yanakwaruza kama mutu anayekunja jani kavu, wengine hawafanyi hivyo, na kwa sauti yake ndiyo anajua kwamba amefika penye mawe.

Siku hiyo Bwana alikaa ku kigoda mbele ya nyumba ya mama, akala sombe ya majani ya muhogo na samaki kwa vidole, akatueleza kwa Kiswahili chake kilichovunjika. Alisema huyu mududu na ule Mweupe wa sebuleni ni sawa. Mama akauliza wanafananaje, mumoja anaweza kukaa ku ukucha wa mwingine. Bwana akasema wote wawili wanakula nyama, wote ni wawindaji, na maisha yao wote yanategemea maji: mumoja anahitaji maji yaliyoganda, mwingine anahitaji maji yanayokimbia chini ya kivuli. Mweupe anamunyonyesha mutoto wake na kumufundisha miaka miwili. Kerengende anatupa mayai na kwenda zake, na mutoto anatambaa chini ya mawe mpaka siku ya kupata mabawa. Mweupe ana joto lake ndani ya mafuta. Kerengende asipoota jua asubuhi hawezi kuruka. Lakini ondoa barafu, yule mukubwa amekwisha, nguvu zake zote si kitu. Kata miti ya Kamilanga, maji yapate joto, na huyu mudogo amekwisha hivyo hivyo. Mama akapeta, akapeta. Kisha akasema, "Bwana wako anasema kweli. Basi atuhesabu watatu, na mimi." Nilimurudilia Bwana polepole mpaka akaelewa. Hakucheka.

Hatukujua kwamba shauri limekwisha kukatwa. Mwezi haukuisha, agronomu, yule muzungu wa Leta wa mambo ya pamba, akapita na kamba yake ya kupima. Kamilanga itakuwa pamba mpaka ukingoni mwa maji, na watu wote watahamia ku barabara, nyumba kwa mustari, ili Leta iwaone. Sefu alikuwa kijana wakati ule, na jembe la pamba limekwisha kumupasua mikono. Alikuja mbio mpaka Kasongo, akakaa mu jiko la Amisi, akakataa chakula. Alisema nyumba za barabara zote ni sawa, hata mwenye macho anaingia kwa jirani, sasa mama atafanya nini kule.

Amisi akamuomba Bwana. Nilikuwa chumba cha nyuma, nilisikia yote. Bwana alisema ataandika barua kwa wakubwa, ataomba ule ukingo usiguswe kwa sababu ya kerengende. Lakini wakubwa hawaamini bila kuona. Tumuletee wachache, dume na jike, na atamuleta agronomu aone wengine wakiruka. Wachache. Neno hilo alilisema, na mimi nililisikia.

Tulipokaa kupanga, Sefu hayuko, ni mimi na Amisi tu, Amisi akasema basi nitakwenda nikamate wanne watano. Na mimi nikasema hapana. Nitaandika kama nilivyosema. Nikasema, "Amisi, unakwenda kumuomba mukubwa roho ya mama, unapeleka wadudu watano? Kwetu mutu akienda kwa shefu wa kijiji na kuku mumoja, anaambiwa shefu amelala. Jaza kikapu." Ndivyo tulivyolelewa. Mwenye shida hapeleki mukono mwepesi. Unajaza mpaka mukubwa aone aibu kukukatalia. Amisi aliangalia sufuria yake muda murefu. Akasema labda Bwana iko tofauti. Nikasema mukubwa ni mukubwa. Akasema sawa.

Alikwenda yeye, akawaambia watu wa Kamilanga, na wote walifurahi kwamba kuna kitu cha kufanya. Walipaka ulimbo ku fimbo ndefu, ule utomvu wa kunasa ndege. Wanawake waliacha mpunga. Wazee waliingia majini na nyavu za samaki. Siku nyingi walifanya hivyo, kuanzia jua la kwanza, wakati kerengende wanaota joto na hawajaweza kuruka. Sefu aliniambia baadaye kwamba asubuhi moja mama alisimama njiani na mutungi wake, hakuendelea. Akasema, "Leo maji yanasema peke yake." Wakamuambia ni kwa ajili yako, mama. Akarudi nyumbani polepole, na siku hiyo kwa mara ya kwanza alijikwaa.

Kikapu kilipofika kilikuwa kimejaa mpaka juu, kimefunikwa na jani la ndizi. Amisi alikiweka ku meza ya Bwana kwa mikono miwili, kama unavyoweka kitu cha heshima. Bwana alifungua jani. Akakaa. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alichukua mumoja, akamuinua kwenye dirisha, na uso wake ulikuwa wa mutu aliyepewa zawadi na habari ya kifo kwa mara moja. Akasema taratibu, "Mumeleta wote." Amisi akasema ndiyo, Bwana, wote, na akatabasamu.

Walikuwa wamekufa tayari, kwa hiyo ilibidi kuwakunja. Nilikunja na, kwa kuwa walikuwa wengi mno, safari hii niliandika pia. Bwana aliniandikia lile neno ku ubao, nami nikaliiga, Kamilanga, Kamilanga, Kamilanga, mpaka vidole vikawa vyeusi na penseli. Wakati naanza niliona michoro tu. Katikati niliona herufi. Mwishoni nilikuwa najua kuandika. Hilo ndilo neno langu la kwanza.

Agronomu alikuja akiwa na haraka. Tulikwenda wote kwa gari lake mpaka barabara inapoishia, kisha kwa miguu. Bwana akasimama penye mawe na kungoja jua. Jua likaja. Kipepeo mumoja akapita. Agronomu hakuwa mutu mubaya wa kupiga watu, alimupa hata Amisi sigara. Akauliza mududu iko wapi. Bwana akamuonyesha lile sanduku la karatasi. Agronomu akafungua moja, akaangalia, akairudisha. Wakazungumuza Kifaransa, na Amisi aliyekuwa anakielewa kidogo aliniambia njiani alichosikia. Agronomu alisema basi mambo iko vizuri, wadudu wote wako salama mu sanduku, elimu haijapoteza kitu. Mama alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake. Alisikia viatu vikipita kwenda, akasikia vikirudi.

Walikata miti kabla ya mvua. Nyumba ya barabarani mama alipewa ya tatu kutoka mwanzo, au ya nne, hata mimi nilikuwa nasahau. Ardhi ilikuwa tupu, imefagiliwa, hakuna muzizi, hakuna sauti. Sefu alifunga kamba kutoka mulango mpaka jikoni na kutoka jikoni mpaka choo, na mama aliifuata kama mbuzi aliyefungwa. Mara mbili aliingia kwa watu wengine na kukaa, akiagiza maji. Watoto walicheka. Baada ya mara ya pili hakutoka tena nje. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nimekuwa kipofu." Nilidhani anatania, kwa sababu alikuwa mutu wa kutania.

Bwana aliondoka ku mwisho wa mwaka na masanduku yake. Barua aliandika au hakuandika, sijui. Ngozi ilikuwa inanuka, hakuitaka tena, akamuachia Amisi. Mama alikuwa anatetemeka siku zile, hata mchana, hata karibu na moto, basi tukaikunja, tukampelekea, tukamutandikia. Alilala juu yake. Mikono yake ikaanza kutembea kama kawaida yake ya kujua vitu. Akagusa makucha, moja moja. Akagusa meno. Kisha akafika chini ya bega, na vidole vyake vikasimama juu ya ule mushono wangu ambao Bwana mwenyewe hakuuona.

"Huyu naye," akasema, "nani alimutoa kwao?"

Amisi alikuwa ameelekeza uso wake ku ukuta. Mama alikufa juu ya Mweupe kabla pamba haijafunguka, na Sefu aliitupa ile ngozi nyuma ya nyumba, mvua ikaimaliza.

Kaburini, kabla udongo haujakauka ku mikono yetu, Sefu aliuliza ni nani alisema wajaze kikapu. Watu wa Kamilanga wakamuangalia Amisi, maana ni yeye aliyeleta lile neno. Amisi akanitazama mara moja. Mimi nikaangalia chini. Akasema, "Ni mimi." Mwisho. Tuliishi pamoja miaka mingi sana baada ya siku hiyo, tulizaa, tulizika, tulikimbia vita tukarudi, na hakulisema tena hata siku tuliyogombana vibaya. Sefu alikuja kwetu kwenye sikukuu zote, akala, hakumupa Amisi mukono. Na mimi niliwapakulia wote wawili.

Mwaka jana mujukuu mwenye pikipiki alikuwa anakwenda Salamabila kutafuta dhahabu. Nilimuomba apite Kamilanga, aniangalilie kama kuna kerengende mwenye doa la wino. Aliporudi alisema mahali hapo hakuna mutu anayejua jina hilo. Kuna muhogo, na mufereji mukavu.

Ile karatasi nimeirudisha mu valizi. Hii nyingine nimeiandika polepole, kwa muda murefu, na nitampa huyo mujukuu amusomee Sefu, kwa sababu macho yake yamekwenda njia ya mama. Mujukuu anasema ndiyo bibi, kesho, kila siku ananiambia kesho, na Sefu anakohoa vibaya. Sefu, kama sauti hii inakufikia: Amisi alitaka kuchukua wanne watano. Neno la kujaza lilikuwa langu. Ulimusamehe mutu asiyekukosea, na chai niliyokupa siku hiyo ulikunywa ku mukono wangu.